Miaka Thelathini na Moja ya Kutungojesha

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, muongoza wageni wa kwanza wa hifadhi ya msitu wetu atarudisha ofisini fimbo, kofia na filimbi, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Nimesema saa kumi kwa sababu ratiba inasema hivyo. Anayemjua atakuja na mkeka wa kulalia, maana huyu mtu hajawahi kufika popote kwa wakati tangu apewe hiyo filimbi.

Katibu wa kamati ndiye aliyeniomba niseme maneno haya, yeye aandike. Nilimwambia mimi sikusoma. Akasema, "Bibi, waliosoma wote wamekataa, wanaogopa watalia." Mimi silii. Mimi nina hasira naye, na mwenye hasira hakosi la kusema. Kwa hiyo yaliyomo humu ni yangu, na katibu akiyapunguza nitajua, kwa sababu atanisomea mbele ya watu.

Wengi mnamwita Mzee Ngoja. Mimi namwita shemeji, kwa kuwa alimwoa dada yangu mkubwa, Mungu amrehemu. Dada alimngoja kwa chakula cha jioni miaka kumi na tisa. Alipofariki, mimi nilikuwa nimeshaanza kupika kwenye banda la wageni, basi kazi ya kumngoja nikairithi pamoja na masufuria yake. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili jikoni. Wageni watoke msituni saa sita, wale saa saba: ndivyo ilivyobandikwa ukutani. Nimeambiwa hivyo. Kwa macho yangu sijaona.

Alianza maisha akiwa mchoma mkaa. Hapendi litajwe, ndiyo maana nalitaja mapema. Siku kijiji kilipokaa kikao, kikaamua msitu usikatwe tena, tuutunze wenyewe na wageni waje kuutazama, yeye alikuwa amekaa nyuma kabisa na mikono myeusi. Mwenyekiti wa wakati ule akauliza, nani anaijua miti yote? Watu wakageuka mmoja mmoja wakamtazama. Mti upi unawaka taratibu, upi unatoa moshi wa kuumiza macho, nani mwingine angejua? Wakampa filimbi. Tangu siku hiyo hajavunja hata kijiti cha kuchokolea meno. Mimi naye tuligombana mwaka mzima kwa sababu alinikataza hata kuni zilizoanguka zenyewe. "Hiyo ni nyumba ya watu, shemeji," anasema, anaugeuza ukuni, anakuonyesha mchwa. Nikahangaika kununua kuni mbali, na msitu mzima uko nyuma ya jiko langu.

Halafu kuna ukucha. Wageni wengi huja wakati wa kiangazi, barabara inapopitika, na msitu wetu wakati huo hauna jani. Ni kijivu mtupu. Wanashuka kwenye gari wamevaa nguo za kijani, wanatazamana, na hakosekani mmoja wa kuuliza kama uliungua. Hapo shemeji anatoa kidole gumba cha mkono wa kulia, chenye ukucha mrefu kama kijiko cha chai, anakwangua gamba la mti wa karibu kidogo tu, kiasi cha punje ya mchele. Chini yake ni kijani kibichi. Anasema, "Haujafa. Umenyamaza." Wageni wanashusha pumzi. Kisha mtu huyo huyo, na ukucha huo huo, anaingia jikoni kwangu kuchungulia sufuria. Nimemfukuza na upawa mara ngapi, sikumbuki tena. Hati ya pongezi aliyopewa na wakubwa amezibia dirisha la ofisi lililovunjika, eti popo wasisumbuliwe na taa.

Lakini yote hayo ni madogo. Kubwa ni njia.

Kwingine njia ya msituni ni njia, leo iko hapa na mwakani iko hapa. Yeye kila mvua zikianza anazihamisha. Anasema miguu ya wageni inakandamiza udongo, maji hayaingii, mbegu zinafia juu, kwa hiyo njia iliyotumika mwaka huu ipumzike miaka mitatu. Haweki kibao. Haweki jiwe wala utepe. Njia zote zimo kichwani mwake, na hicho kichwa ndicho kinachosahau saa ya kula.

Mwenyekiti wetu wa sasa, mtu safi, anayependa mambo yaonekane, aliamua miaka sita iliyopita kulimaliza jambo hilo. Akanunua kopo la rangi nyeupe, akachora mishale kwenye mashina ya njia ya mwaka ule. Shemeji alimtazama tu. Mvua zikaja, njia ikahamishwa, mishale ikabaki. Kiangazi kilichofuata mwenyekiti akapokea wageni wake mwenyewe na kusema leo hatuhitaji muongozaji, tutafuata mishale. Wakaifuata vizuri sana. Ikawapeleka kwenye njia iliyokuwa imepumzika na kufunikwa na upupu, nao umekauka, unangoja ngozi. Nilisikia kelele nikiwa nachambua mchele. Mwenyekiti alirudi mbio, shati mkononi, anajikuna mgongo kwenye nguzo ya banda langu kama ng'ombe. Nilimpaka majivu ya jikoni kuanzia shingoni hadi kiunoni. Shemeji alikuja na maji, akammwagia pole pole, akamwambia, "Mishale yako haijakosea, mwenyekiti. Wewe ndiye ulichelewa mwaka mmoja." Mtu anajikuna namna ile, wewe unamwambia maneno hayo.

Sasa mtaona kwa nini mwaka huu sikulala vizuri. Katibu aliangalia tarehe za watumishi akakuta shemeji anamaliza. Kamati ikauliza: nani anazijua njia? Hakuna. Na bila muongozaji hakuna mgeni, bila mgeni hakuna walinzi, na bila walinzi mkaa utarudi kabla maziwa hayajaganda. Ikaamuliwa kwamba asipopatikana mtu kabla ya mwisho wa mwezi huu, lango lifungwe. Lango analolifungua yeye kila asubuhi tangu lilipokuwa gogo.

Walipelekwa wawili wakajifunze kwake. Mmoja ni mwalimu mstaafu, alikwenda na daftari. Mwingine ni fundi baiskeli, alikwenda na simu inayochora njia yenyewe. Walizunguka naye miezi miwili. Siku ya kujaribiwa, mwalimu alipotea hatua mia mbili kutoka jikoni, nikamwita kwa kugonga sufuria. Fundi alifika salama, ila simu ilikuwa imempitisha katikati ya kichuguu, naye akatii. Shemeji akaketi kwenye benchi la ofisi, akasema, "Wanaangalia mikono yao." Basi. Hilo ndilo funzo.

Nilitoka jikoni na unga mikononi. Nikamwambia, wewe mzee, miaka thelathini na moja umelea huu msitu kama mwanao wa mwisho, sasa unataka kuondoka nao kichwani ukautie kabatini nyumbani? Dada yangu alikula chakula cha baridi kwa ajili ya nini? Nilisema na mengine ambayo katibu amekataa kuyaandika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shemeji, nimewakaribisha watu wote hapa. Wewe hujawahi kuingia."

Ilikuwa kweli. Miaka ishirini na mbili nyuma ya jiko, na msitu nilikuwa nausikia tu.

Kesho yake hakuniruhusu kupita mlango wa nyuma. Nizunguke langoni kama mgeni. Nikaweka dole gumba kwenye kitabu cha wageni, nikapewa fimbo, nikasimamishwa nisikilize ile hotuba ya kukaribisha ambayo nimeisikia kupitia dirishani mpaka naiota. Nilimwambia aikate. Akaanza upya.

Jamani, yule mtu anatembea kama anabeba mayai kichwani. Hatua tano, mkono juu: ngoja. Digidigi. Hatua tatu, ngoja. Kinyesi cha digidigi. Tulichukua saa nzima mahali ambapo mimi ningechuma mboga, nikapika na kuosha vyombo. Miguu inaniuma, majani makavu yanapiga kelele kama mifuko, na yeye ananiambia nitembee nikikanyagia nje ya unyayo. Nilipochoka kugomba nikanyamaza. Ndipo nikaanza kuona kwamba hasimami ovyo. Anasimama pale kanga wamefukua, maana udongo hapo ni laini na njia haifai kupita. Anakunja pale miti midogo ina unene wa kidole, aipishe. Anafuata upande ambao jiwe kubwa linatunza maji. Nikamuuliza, mbona wale wawili hukuwaambia? Akasema, "Wewe chumvi unaipimaje?" Nikasema kwa mkono. Akasema, "Ungemwambia nini mwenye daftari?"

Nilirudi nikapika kwa hasira. Wiki iliyofuata nikaingia tena. Kwa jumla niliingia mara tisa, na jikoni nikamweka mke wa fundi baiskeli, mwanamke mwepesi wa mkono na mzito wa kusamehe. Mimi sina daftari wala simu. Oda za wageni arobaini huwa nazishika kichwani, nani hali pilipili, nani anataka chai bila sukari, na hakuna sahani iliyopotea. Miti nayo nikaishika hivyo hivyo. Kisha mvua zikaja, msitu ukatoa majani kwa siku nne kama umetukanwa, na shemeji akahamisha njia. Akanipitisha mara moja tu.

Jumatatu iliyopita walikuja wauguzi kumi na mmoja. Mwenyekiti akasimama langoni na katibu, kamati nzima inatazama. Shemeji akanipa fimbo, akaenda kusimama nyuma ya muuguzi wa mwisho.

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye mti mkubwa wenye shimo. Chini yake nikaona matone ya tope, mabichi, mahali pasipo na tope. Nikanyanyua mkono. Nikatazama juu: hondohondo jike, yule ndege wa mdomo mkubwa, amejifungia ndani ya shimo, amejenga mlango kwa udongo, ameacha ufa tu mwembamba, na dume yuko tawini na mdudu mdomoni, anaogopa kushuka kwa sababu yetu. Njia ya shemeji inapita chini kabisa ya huo mti. Siku aliyonipitisha hapakuwa na kitu.

Nikawapeleka wauguzi kushoto, mahali ambapo sikuwahi kupitishwa. Nyuma nikasikia shemeji anakohoa, kile kikohozi cha kusema hapana. Sikugeuka. Nilimwambia kwa sauti, wazi, kwamba anayetaka kukohoa akakohoe nyumbani kwake. Wauguzi wakacheka. Nikafuata udongo mgumu, nikaipisha miti midogo, nikawaketisha mbali wakatazama. Tukakaa. Dume akashuka, akampa mkewe chakula kupitia ufa, akaenda, akarudi, akaenda, akarudi. Nilifikiria dada yangu na sufuria yake iliyofunikwa. Muuguzi mmoja akaninong'oneza, "Bibi, tutachelewa kula." Nikasikia mdomo wangu unasema ngoja.

Tulitoka saa nane na nusu. Mke wa fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, upawa mkononi, mkono mwingine kiunoni, ananitazama kama nimemwibia. Shemeji alinipita taratibu, akavua kofia, akasema, "Leo umechelewa, shemeji." Hakuna mtihani mwingine aliotoa. Jioni ile alikwenda mwenyewe kuisogeza njia, ipite nilikopita mimi.

Kamati imeandika kwamba lango litabaki wazi. Mwalimu na fundi wanafuatana nami kila asubuhi, mikono mitupu, na daftari limebaki ofisini.

Basi, shemeji. Kijiji kinakushukuru kwa kanga waliorudi, kwa digidigi, kwa mashimo manne ya hondohondo ambapo zamani palikuwa na tanuri zako za mkaa. Mimi nakushukuru kwa kunichelewesha. Tunakuombea miguu isiyouma, usingizi mrefu, na wajukuu wanaouliza maswali mengi kuliko wageni. Chakula chako cha mchana kitakuwa mezani kwangu saa saba, siku zote za uhai wangu. Kile chako kitakuwa cha moto. Changu kifunike, nitakikuta. Nimeanza kufuga ukucha, na mke wa fundi ameshaniambia nisikanyage tena jikoni mwake.