Maisha ya Viateur Nzabonimpa, Aliyetuomba Tusafishe Jina la Joséphine-Marie

Wapendwa katika Kristu, mimi Verdiane, dada mukubwa wa Viateur, njo ninasoma hii karatasi ya maisha yake. Yeye mwenyewe alitaka isomwe hivi, bila kufichwa.

Ndugu yetu Viateur Nzabonimpa alizaliwa Bihambwe, mu Masisi, tarehe 14 Aprili 1981, mutoto wa tano wa Papa Ndagijimana na Mama Sophie, wakulima. Shule ya musingi alisoma pale pale. Vita ya 1996 ilitufukuza mu mashamba, akamalizia sekondari Goma, na mu 2006 akapata diplome ya informatique, elimu ya kompyuta. Mama alimuuliza, “Sasa wewe utalima nini?” Akajibu, “Mama, nitalima mu ordinateur.” Alicheka peke yake.

Tarehe 22 Agosti 2009 alifunga ndoa na Adelaïde Uwimbabazi wa Kingi. Mungu aliwapa watoto watatu.

Kazi yake aliipenda. Mu 2016 alitengenezea kituo kimoja cha afya upande wa Itebero, mu Walikale, programu ya kuhesabu dawa. Mama Rosalie, mukubwa wa wauguzi, akamuambia, “Papa Viateur, huu mushale unaotembea mu kioo cha mashine, hatuutaki. Mishale tumeiona ya kutosha mu vita.” Munajua souris, kile kidude cha kusukuma na mukono: mushale wake aliuondoa, akachora pahali pake jani dogo la maharagi. Watu walifurahi sana.

Lakini lile jani njo lilileta aibu. Alinieleza kwa namna na mimi nielewe. Tukiwa na kilio, tunaazima sahani kwa majirani, tunatia alama ya rangi chini, na kilio kikiisha kila sahani inarudi. Programu yake, kila mara souris ilipopita juu ya jina la dawa, iliazima kwa mashine jani jipya, na lile la zamani haikurudisha. Yeye alifikiri mashine itajichukulia yenyewe. Nyuma ya saa sita ya muchana, mashine haikuwa tena na cha kuazimisha: kioo kinakuwa cheupe, kazi inasimama. Wakizima na kuwasha, iko nzima.

Asubuhi mutu mwingine njo alifanya kazi kwa ile mashine, na mashine ilikuwa nzuri. Joséphine-Marie, mama mumoja wa kile kituo, alitumika zamu ya nyuma ya saa sita. Wakasema njo yeye anaiharibu. Wakamupigia ndugu yetu telefone, naye akajibu, “Programu yangu iko safi. Muangalie vidole vya huyo mama.” Wakamufukuza yule mama kazi.

Mu mwezi wa tatu 2017, kule Goma, aliona kioo cheupe mbele ya macho yake mwenyewe. Alitafuta, akapata: ule mustari mumoja wa kurudisha, hakuuandika. Akarudi nyumbani, hakukula. Adelaïde akamuambia, “Wapigie.” Akasema, “Kwa telefone njo nilimuharibia. Nitaenda na miguu.”

Njia ilikuwa ya vita, lakini alifika. Alitengeneza programu, akasema kosa lake mbele ya wote. Mama Rosalie akamuangalia. “Njo unakuja sasa? Mutoto wa watu alilia hapa, pale unaposimama.” Joséphine-Marie alikuwa amekimbia vita pamoja na watu wake, hakuna aliyejua wapi. Ndugu yetu aliuliza habari yake mu kila kambi ya wakimbizi aliyopitia. Hakumupata.

Figo zilianza kumusumbua mu 2018. Alifariki Masisi-centre tarehe 6 Agosti 2019, rozari mu mukono. Aliniambia, “Yaya, dada yangu, mbele ya kunisifu, musafishe kwanza yule mama.”

Basi tunasema, na uso chini: Joséphine-Marie hakuharibu mashine. Vidole vyake vilikuwa vizuri. Kosa lilikuwa la ndugu yetu. Anayemujua, popote alipokimbilia, amufikishie karatasi hii.

Ameacha mama yetu Sophie, mujane Adelaïde, watoto Archange, Mamie na Valens, pamoja na sisi ndugu zake.

Viti munavyokalia na sahani mutakazokulia ni za majirani, alama iko chini. Tafazali, virudi vyote kwa wenyewe. Viateur naye tunamurudisha kwa Mwenyewe. Amupokee, amupe kupumzika.