Bi Ijumaa na Picha za Aibu

Leo Ijumaa, tarehe 28 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, anastaafu mhudumu wetu wa wateja wa mbali, yule ambaye wateja hao humwita Bi Ijumaa, nasi tukaiga. Kamati ya sherehe imemteua fundi wa milango aandike mistari hii. Imekosea, maana hakuna mtu katika karakana hii ya useremala aliyeumbuliwa na Bi Ijumaa mara nyingi kama yeye. Lakini kazi ni kazi.

Alipoajiriwa, karakana ilikuwa na wateja wa aina mbili. Wa karibu walikuja wenyewe, wakashika mbao, wakagombana na fundi, wakapata kabati zao kwa wakati. Wa mbali walikuwa ng'ambo wakijenga nyumba kwao, wakipiga simu na kujibiwa kwamba kazi inakwenda vizuri. Kabati za hawa zilikaa kwenye kona zikila vumbi. Wahenga walishasema asiyekuwepo na lake halipo, na sisi tuliitii methali hiyo kwa moyo mmoja.

Dawa ya Bi Ijumaa ilikuwa kugeuka mteja. Aliingia asubuhi, akatangaza kwamba leo yeye ni yule dereva wa malori aliyeagiza fremu za madirisha, akaanza kulalamika kwa niaba yake. Alilalamika kuliko dereva mwenyewe, ambaye kumbe ni mtu mpole sana.

Neno "sawa" hakulikubali kwenye simu. Mteja mmoja aliwahi kuitikia sawa, sawa, sawa, tukamtengenezea madirisha mazuri ajabu yaliyofungukia ukuta wa jirani. Tangu hapo kila mteja ilibidi amweleze Bi Ijumaa, kwa maneno yake mwenyewe, kile walichokubaliana. Bwana mmoja alinung'unika kwamba hata mtihani wa leseni ya udereva haukumbana hivyo. Aliueleza mlango wake mara mbili, na mlango ukatoka ulivyotakiwa.

Kisha zikaja picha. Kila Ijumaa mchana alipita na kamera, na miaka ya baadaye na simu, akampelekea kila mteja picha ya sehemu mbovu kuliko zote ya kazi yake: ubao uliopasuka, gundi iliyochuruzika, bawaba iliyokaa upogo. Tulipiga kelele weee! Yeye alishikilia kwamba mtu wa mbali ukimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, atajiundia ubovu kichwani, na ubovu wa kichwani hauna fundi. Wateja wakazibatiza picha za aibu. Mwandishi wa mistari hii hajawahi kupanda ndege, lakini bawaba zake zimeonwa katika nchi ambazo hata majina yake yanamshinda kutamka. La ajabu ni kwamba wateja hawakukimbia. Walituletea na ndugu zao.

Mwaka juzi muuguzi mmoja aliye ng'ambo aliagiza jiko zima kwa nyumba ya mama yake, kabati za juu na za chini. Mama alikuwa amelazwa, na kaka mtu alimwambia dada yake kwamba ni presha tu, wasiwasi wa nini. Bi Ijumaa alipokwenda kukagua jiko lililokwisha kufungwa, alimkuta mama sebuleni, kwenye kiti cha magurudumu. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande wa kushoto, na kutembea tena hakukuwepo.

Kaka mtu akamvuta pembeni, akamsihi asitoe siri. Dada yake akijua, alisema, ataacha kazi siku hiyo hiyo, na kazi ile ndiyo tegemeo la nyumba nzima. Hapo Bi Ijumaa alikwama. Jiko lilifuata vipimo vyote, ila aliyeliagiza hakujua hali ya aliyemwagizia. Mambo ya familia ya watu si ya karakana, na kupeleka picha ya milango inayong'aa ni uongo. Ijumaa hiyo muuguzi hakupata picha yoyote.

Jumatatu Bi Ijumaa alirudi kule, akamwuliza mama mwenyewe. Akajibiwa kwamba miguu ni yake, mtoto ni wake, na huyu ndiye mtu wa kwanza kumwuliza. Mama akaomba asukumwe hadi jikoni. Akaweka kitambaa chake vizuri kichwani, akainua mkono wa kulia kuelekea kabati ya juu, vidole vikaishia hewani, akaamuru apigwe picha vivyo hivyo.

Picha ilipofika, kaka mtu alikuja juu. Alitufuata hadi karakana, akatuita wambea, tukanywea. Muuguzi naye akawa hapokei simu. Bi Ijumaa alikuwa akirudisha chakula chake nyumbani bila kukigusa, na tuliozoea mdomo wake tulishikwa na hofu.

Mara muuguzi huyo akatokea mlangoni mwetu. Tulijiandaa kutukanwa. Alikaa juu ya rundo la mbao, akalia hadi akatosheka, akamwambia Bi Ijumaa kwamba wote wampendao walimdanganya, na ukweli kaupata kwa watu wa kabati. Kisha akatupa vipimo vipya, alivyompima mama yake akiwa ameketi. Tulilibomoa jiko tukalishusha. Mama anapika mwenyewe, na tunaambiwa hataki kusaidiwa.

Lakini mganga hajigangi. Bi Ijumaa ana mtoto mmoja, wa kiume, naye yuko ng'ambo, na humpigia mama yake kila mchana. Tumemsikia Bi Ijumaa kwa masikio yetu, huku watu wawili wamemshikilia kwenye ngazi za ofisi, akimwambia kijana kwamba magoti yamepona kabisa na kwamba anastaafu kwa kuwa amechoka kutuona sura. Daktari alimwambia mengine, na sisi tuliompeleka tuliyasikia.

Bi Ijumaa, inatuuma kukuona ukiondoka, na asante hazitoshi. Umetufundisha kumheshimu mtu tusiyemwona. Mwanao hatutamwambia neno, kwa sababu hilo ni lako wewe. Ila kuanzia kesho nyumbani utakuwa peke yako, wala hakuna wa kukushika mkono. Tunakutakia pumziko jema, miaka mingi na ngazi chache. Na huyo kijana akipiga simu mchana, mwambie.