Mzee Dakika, Fundi Saa, na Kitabu cha Watu Watatu

Ndugu, jamaa na marafiki,

Marehemu, ambaye wengi walimjua kwa jina la Mzee Dakika, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za watumishi wa reli, chumba cha mwisho kilichopakana na karakana. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita, na wa kiume pekee. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa. Mama yake alishona sare. Dada yake mkubwa husimulia kwamba alipokuwa na miaka saba aliifungua redio ya baba. Akachapwa, akairudishia, nayo ikaimba vizuri kuliko mwanzo, ila ilibaki skrubu moja ambayo mpaka leo hakuna ajuaye ilitoka wapi.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia 1958 na akamaliza sekondari mwaka 1968. Mjomba wake akamchukua kumfundisha kutengeneza saa. Mwaka 1974 alifungua kibanda chake mkabala na posta: meza moja, taa moja, na droo ndogondogo ambazo mtu mwingine hakuruhusiwa kuzigusa. Kila mteja alijibiwa, "Dakika moja tu." Dakika ya marehemu ilikuwa na siku mbili, wakati mwingine tatu, na jina likamganda.

Miongoni mwa waliopewa dakika hizo ndefu alikuwa mpokea simu wa posta. Saa yake ilipona siku ile ile, lakini aliambiwa arudi kesho, na kesho kutwa, na wiki ijayo. Alipochoka akauliza, "Wewe fundi, hii saa inaumwa nini hasa?" Marehemu akajibu, "Haiumwi. Ninayeumwa ni mimi." Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja.

Mwaka 1983 alirithi gari la baba yake, la mwaka 1956, lililokuwa limelala chini ya turubai. Jumamosi ya tarehe 4 Februari 1984 alikwenda kwa wauza vitabu vikuukuu, akaona kitabu kinene cha kutengeneza magari ya zamani. Alipokishika, mkono mwingine ulikuwa umeshakishika. Ulikuwa mkono wa mwalimu wa jiografia, mwenye gari kuukuu la kwake.

"Nimekitangulia mimi," Mwalimu akasema.

"Wewe umeshika jalada. Mimi nimeshika kurasa."

Muuzaji akachoka kuwasikiliza. "Wazee, kitabu ni kimoja. Changeni, au oaneni."

Wakachanga. Mama Rangi, mchora mabango mwenye pikapu ya marehemu babu yake, akaja kukiazima kwa wiki moja, na wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Kila Jumamosi watatu hao walikuwa pamoja katika gereji ya marehemu. Watoto wa nyumba moja walilala nyumba nyingine bila kuuliza. Mwalimu alipofiwa na mkewe, marehemu alifunga kibanda na kukaa naye mpaka alipoweza kula mwenyewe. Sifa za kitabu zikaenea. Wapenda magari wengine wakaja kukiazima, nao wakageuka marafiki.

Sura ya saba ilikuwa ya breki. Mwalimu alisoma kwa sauti ya darasani, Mama Rangi alishika tochi, marehemu alipiga msasa. Mlango waliufunga ili upepo usiwasumbue. Kitabu kilisema vumbi lipulizwe litoke, wakalipuliza. Lilikuwa jepesi kama unga, likawakaa kwenye kope, nao wakachekana kwamba wamezeeka ghafla. Kazi hiyo waliirudia miaka na miaka, gari kwa gari, la kwao na la marafiki.

Kila Jumapili mkewe alilikung'uta ovaroli ukutani kabla ya kulifua. "Vumbi gani hili lisilokubali maji?" alilalamika. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyeumwa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nacho kilikuwa nguoni kweli, kimenyamaza.

Marehemu alistaafu mwaka 2016. Mwezi wa Juni 2021 alianza kukatika pumzi kila alipopanda ngazi. "Umri huo," alisema. Maji yakatolewa kifuani, yakarudi. Yakatolewa tena, yakarudi. Tarehe 14 Septemba daktari alimwita pamoja na mkewe.

"Mzee, uliwahi kufanya kazi kiwandani?"

"Mimi ni fundi saa, daktari. Vumbi langu ni la kupuliza kwa pumzi moja."

"Na nje ya kazi?"

Marehemu akataja magari. Daktari akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na kwamba vumbi lake linaweza kukaa kifuani miaka thelathini, hata arobaini, bila kusema neno. Kisha akauliza, "Nguo zako za gereji, alikuwa akizifua nani?"

Marehemu akatazama dirishani. "Nilifua mwenyewe."

"Mwongo huyo," mkewe akasema. "Nimefua mimi, zote."

Daktari akaandika kitu, wala hakuinua kichwa.

Nyumbani watoto walitaka kukichoma kitabu. Marehemu akakataa. "Waliokiazima mtawaambiaje? Majivu hayasemi." Akamwita Mama Rangi, naye kwa brashi yake ya mabango akaandika juu ya sura yote ya saba, kwa rangi nyekundu: HATARI, VUMBI HILI LINAUA. Halafu Mama Rangi na Mwalimu wakaanza kuzunguka mlango kwa mlango kuwatafuta waazimaji. Milango mingine ilifunguliwa na wajane. Mmoja aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mume wangu alikufa kwa kifua. Na hakuwahi kuvuta sigara." Akafunga mlango taratibu.

Mwalimu alikuwa na kikohozi tayari. Alisema ni chaki.

Alasiri ya Alhamisi, tarehe 9 Februari 2023, Mwalimu alikuwa ameketi kando ya kitanda cha marehemu akimsomea sura ya taa za mbele, ambayo marehemu aliipenda. Kikohozi kikambana katikati ya sentensi, akageukia ukuta. Kilipomwachia na akainua macho, rafiki yake alikuwa ameshaondoka.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wajukuu sita, dada yake mkubwa, na marafiki wawili waliokuwa ndugu. Aliagiza neno moja lisemwe hapa, hata kama litawaudhi wafiwa: aliyewahi kupiga msasa breki za zamani, na aliyewahi kumfulia mtu huyo nguo, asisubiri kukohoa. Aende akapimwe.

Keshokutwa, Jumatatu, mjane wa marehemu atakwenda kuchukua majibu ya picha ya kifua chake. Mwalimu na Mama Rangi watampeleka kwa gari la marehemu. Nao wana majibu yao ya kuchukua.

Udongo umpokee kwa upole, naye Mungu ampe pumziko lisilokatizwa.