Bihogo Anaongoza

MUHANGI: Haloo! Nani aliyenitoa darasani?

KOBUGABE: Haloo? Haloo— Muhangi?

MUHANGI: Paza sauti! Huku Mwanza nasikia kama mvua tu.

KOBUGABE: Ni dada yako, Kobugabe! Napiga kutoka ofisini, Kayanga—

MUHANGI: Shikamoo dada! Nani kafa?

KOBUGABE: Marahaba. Hajafa mtu, ila nitakufa mimi. Ule mchezo wako wa matofali ulionipa Pasaka—

MUHANGI: (anacheka) Umekushinda!

KOBUGABE: Nimeushinda mimi! Ndiyo balaa lenyewe. Kila nikiwasha kompyuta, kabla haijafanya lolote inatoa orodha ya washindi. Kioo kizima! Na saa nane mzee Rugemalira analeta wageni kuona mashine inavyotunza habari za ng'ombe wa mradi.

MUHANGI: Mkuu wako huyo hapendi michezo?

KOBUGABE: Alitangaza mbele ya wafanyakazi wote: atakayecheza kwenye mashine hii, akatafute jembe. Nikifukuzwa narudi Nyakasimbi kupalilia maharage ya mama mkwe. Unamjua.

MUHANGI: Namjua. Pole sana. Kwani uliandika jina lako?

KOBUGABE: Mimi mjinga? Niliandika Bihogo.

MUHANGI: Bi—

KOBUGABE: Haloo? Imekatika?

MUHANGI: Bihogo, ng'ombe wetu? Wa pembe iliyopinda?

KOBUGABE: Si wapo Bihogo wengi—

MUHANGI: Karagwe nzima wamejaa, lakini wa mtu wa ofisi hiyo ni mmoja! Na ndama wake alipokwama, nani alimzalisha? Si mzee Rugemalira huyo huyo, mkono mpaka begani?

KOBUGABE: Yesu wangu.

MUHANGI: Bora ungeandika Kobugabe. Watu anawasahau. Ng'ombe hasahau.

KOBUGABE: Acha kunicheka! Kosa ni lako. Nani alikutuma uandike programu inayotangaza watu?

MUHANGI: Dada, programu si mchezo. Ni kama kumwelekeza mtu asiye na akili njia ya kwenda Kimuli. Usipomwambia avuke daraja, atasimama hapo hapo mpaka kiama.

KOBUGABE: Basi bora taipureta. Taipureta haijawahi kumsengenya mtu.

MUHANGI: Na huo mchezo ni wa mwaka wa kwanza tu. Huku sasa tuna wa ndege, unapiga risasi—

KOBUGABE: Wa ndege ni wa watu wasio na subira. Matofali yanataka mtu aliyewahi kupanga mikungu ya ndizi kwenye baiskeli. Haya, nifutie!

MUHANGI: Nifute vipi kwa simu? Futa mwenyewe. Andika D, E, L. Acha nafasi. Halafu—

KOBUGABE: Polepole. D... E iko wapi... nimeiona.

MUHANGI: Halafu ALAMA, nukta, DAT. Ukishabonyeza kile kitufe kikubwa cha kulia, orodha imekwenda na hairudi.

KOBUGABE: DAT... nimeandika.

MUHANGI: Umebonyeza?

KOBUGABE: Kidole kiko juu yake. Muhangi... ni alama elfu tisa na mia nne. Wiki tatu nimekula ugali wa mchana kwa mkono mmoja. Maisha yangu yote sijawahi kuwa wa kwanza kwa kitu. Inaniuma, nakwambia.

MUHANGI: Elfu tisa? Mimi niliyeuandika sijafika elfu saba!

KOBUGABE: Na nimemzidi Kyasha kwa tisini tu.

MUHANGI: Kyasha ndiye nani?

KOBUGABE: Si wewe? Yuko wa pili, wa tatu, wa tano... Nilidhani umemweka humo kunichokoza.

MUHANGI: Mimi sikumweka mtu! Orodha niliileta tupu. Iko kwenye kioo? Mbele ya jina kuna siku na saa. Soma.

KOBUGABE: Kyasha... Jumapili. Saa nne asubuhi.

MUHANGI: Jumapili saa nne watu wote wako kanisani.

KOBUGABE: Wote. Hata mlinzi Placidius alikuwepo. Mzee Rugemalira tu ndiye hakuja kusoma somo, alituma salamu kwamba ana mafua—

MUHANGI: Dada? Kyasha nalo ni jina la ng'ombe. Wa nani?

KOBUGABE: Mwenye paji jeupe. (ananong'ona) Picha yake iko ukutani, juu ya meza ya mzee.

MUHANGI: Weee!

KOBUGABE: Tulimwombea, Muhangi! Kanisa zima lilipiga magoti kwa ajili ya mafua yale!

MUHANGI: (anacheka mpaka anakohoa) Sasa futa au usi—

KOBUGABE: Nyamaza, mlango— Shikamoo mzee. Ndiyo mzee. Naongea na... na fundi. Wa Mwanza.

MUHANGI: Kaingia? Zima kioo!

KOBUGABE: Ameshaona.

MUHANGI: Anasemaje?

KOBUGABE: Hasemi. Amevaa miwani. Anauliza Bihogo kampita Kyasha lini.

MUHANGI: Mwambie—

KOBUGABE: Jana mzee, saa ya chakula. Samahani mzee. Hapana, sijafuta. Naam? Ndiyo mzee.

MUHANGI: Umefukuzwa?

KOBUGABE: Anasema wageni wakiuliza, hii ni orodha ya maziwa.

MUHANGI: Ya maziwa!

KOBUGABE: Muhangi, mshika mitambo wa simu anasema dakika zetu zimekwisha. Msalimie wifi Deodatha—

MUHANGI: Ngoja! Kwa hiyo kazi unayo?

KOBUGABE: Ninayo, ila kiti sina. Anasema nimpishe, wageni wameshafika Omurushaka, na hawezi kuwapokea huku ng'ombe wake akiwa wa pi—