Dada Pasi na Aibu Aliyotaka Isemwe

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Pasi, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Aprili 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mlinzi wa kiwanda hicho na mkewe mshonaji. Walimfuata wadogo watatu: wa kike, wa kiume, na wa mwisho kabisa, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1973, ambaye mpaka leo tunamwita Kitinda.

Kitinda alizaliwa na ulemavu wa ukuaji. Alitembea akiwa na miaka mitano, na maneno yalimjia machache, tena kwa kuchagua. Maisha ya marehemu hayasimuliki bila huyu mdogo wake. Kabla ya kufariki, aliwaagiza ndugu zake wasimsome kaburini kama malaika. "Mkinisifia tu nitaamka niwakatize," alisema. Alitaka aibu yake isemwe, kwa sababu aliamini haikuwa yake peke yake. Ndugu zake wanatii.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971 na kumaliza 1977, akasoma sekondari miaka miwili, kisha baba akafariki na masomo yakaishia hapo. Alipenda hesabu na kuimba. Siku moja wenzake wa darasani walimtembelea, wakasikia sauti uani. Aliwaambia ni mtoto wa jirani. Mama alikuwa mlangoni, akasikia. Hakumgombeza. Alimwita tu, kwa sauti ya kila siku, mbele ya wageni: "Haya, mpelekee mtoto wa jirani chakula chake." Alipeleka bakuli la uji, na wenzake wakamwona yule mtoto akimkumbatia miguu na kukataa kumwachia. Marehemu alisema mashavu yalimwaka mpaka jioni.

Februari 1982 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali kuu, upande wa pasi. Kilikuwa chumba cha mvuke, chenye madirisha ya juu yasiyofunguka, na mashuka yalikuja kwa mikokoteni. Hapo ndipo alipopata jina lake. Kola ikipita mkononi mwake ilisimama wima. Kuna daktari mmoja mrefu aliyezoea kutembea ameinama, na marehemu alimkabidhi koti lake akimwambia, "Daktari, koti nimelinyoosha. Kilichobaki ujinyooshe mwenyewe." Alistaafu mwaka 2019.

Mama alifariki mwaka 1989. Watoto walikaa kikao, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kutokaa na Kitinda. Wakati ule fedha za umma kwa watu kama Kitinda zilikwenda mahali pamoja tu, Makazi, jengo refu nje ya mji lenye geti la chuma na vitanda vilivyopangwa mistari. Ndani ya ukuta ule kila kitu kililipiwa. Nje yake hakikulipiwa kitu. Basi wakampeleka. Marehemu alikwenda kumwona kila mwezi, na alimkuta mdogo wake ameacha kusema, na ameshika kijiko bila kukipeleka mdomoni mpaka kengele ilie.

Ndiyo maana fundi bomba wa hospitali alipomtamkia ndoa, alimjibu hivi: "Ukinioa mimi, unaoa wawili."

"Huyo wa pili anapika?"

"Hapiki. Ila anakula."

"Basi tutaelewana. Hata mimi ni hivyo hivyo."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Julai 1991, na Jumatatu yake wakaenda Makazi kumchukua Kitinda. Hawakujaliwa watoto. Shemeji huyo aliacha kazi ya hospitali, akafanya ufundi wake nyumbani ili awe karibu na Kitinda, akamfundisha kushika spana, na kumchekesha mpaka maneno yakarudi. Alifariki mwaka 2007.

Mwaka uliofuata halmashauri ilianza mpango wa huduma za nyumbani, na nyumba ikapata mhudumu. Kitinda alimpa jina la Kocha, kwa sababu ya suti yake ya michezo. Kocha alifika kila asubuhi ya kazi, akamwogesha, akampeleka karakana ya mtaa kupiga msasa viti, akamrudisha. Dada Pasi akaweza kubaki kazini, na Kitinda akawa mtu wa mtaani: kinyozi alimjua, muuza mkaa alimsalimu.

Juni 2012 afisa ustawi alikuja kukagua kama bado huduma inahitajika. Marehemu alipiga deki hadi kizingitini. Alimvalisha Kitinda shati jeupe, na kwa wiki nzima alikuwa amemfundisha kusema "Shikamoo" na "Karibu ukae". Alifanya kama alivyolelewa: mgeni anaonyeshwa kilicho kizuri.

"Anaoga mwenyewe?" afisa aliuliza.

"Anaoga."

"Kula?"

"Anakula vizuri sana."

"Na kutoka nje, anatoka peke yake?"

"Anatoka, anajulikana mtaa mzima huyu."

"Hongera, mama. Umemlea."

Alifurahi kwa sifa ile. Mwezi wa nane Kocha alihamishiwa nyumba nyingine, kwa maelezo kwamba hapa hahitajiki tena. Wiki ya pili Kitinda alitoka kwenda kumtafuta, akaokotwa barabara kuu, hana viatu, magari yakimkwepa. Muuza mkaa ndiye aliyemrudisha, akasema, "Dada, huyu mtu wako unamwacha na nani?"

Alikata rufaa, na Novemba aliitwa mbele ya kamati, akatakiwa kuja na mhusika, yaani Kitinda. Mwenyekiti alisema, "Mwezi wa sita ulisema anaoga mwenyewe. Leo unasema haogi. Tushike lipi?"

"Shikeni la leo. Siku ile nilikuwa napokea mgeni."

Mmoja wa wajumbe alicheka. Kisha wakamtaka aeleze yote, naye akaeleza yote: jinsi anavyojikojolea akishtuka, anavyojipiga kichwani, anavyovua nguo joto likizidi. Kitinda alikuwa ameketi kiti cha pili, mwenye miaka thelathini na tisa, akisikia. Taratibu alivuta kola ya shati lake, akafunika mdomo. Kamati iliridhika. Kocha angerudi.

Walipofika nje Kitinda alisema, "Dada, umenisema."

"Nimekusema, kaka. Nisamehe."

Alikataa kushikwa mkono mpaka nyumbani.

Kesho yake marehemu alirudi ofisini. "Fedha ni za umma, sawa," alimwambia afisa. "Lakini haja ndogo ya mdogo wangu si ya umma." Afisa alisema ni utaratibu. "Utaratibu mliuandika nyie, na nyie mna ndugu." Tangu hapo hakukosa kikao cha bajeti cha kata. Wapo waliomwona akiingia wakakumbuka shughuli nyingine. Mwaka 2016 halmashauri ilikubali kwamba mhusika aulizwe kwanza yeye mwenyewe, na mambo ya faragha yasemwe chumba kingine, yeye asimokuwepo. Alipopongezwa alisema, "Wa kwangu alishasikia."

Machi 2022 aligunduliwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Hakuogopa kifo. Aliogopa kanuni moja ya mpango ule: mhudumu hulipwa iwapo ndugu anaishi nyumba moja na mhusika. Asipokuwepo ndugu, mhusika hupelekwa Makazi. Aliwaeleza wadogo zake wawili wakiwa kando ya kitanda. Waliitazama dripu. Alifariki Jumapili tarehe 10 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini.

Jumatatu ndugu walikaa sebuleni kwake. Wa kiume alieleza kuhusu kazi yake ya safari. Wa kike alieleza kuhusu nyumba yake iliyo mbali na wajukuu wanaomtegemea. Sababu zilikuwa nzuri, kama zile za mwaka 1989, na kila mmoja alisema akiangalia sakafu. Kitinda aliingia kutoka karakana. Alimwendea kaka yake akamuuliza swali ambalo huwauliza ndugu zake kila wanapokuja: "Unaondoka lini?"

"Jumamosi."

Akamgeukia dada yake. "Wewe unaondoka lini?"

Dada aliinua macho kutoka sakafuni. Kisha akasema, "Siondoki."

Kitinda alimuuliza tena, na tena, akapata jibu lile lile. Ndipo akauchukua mkoba wa dada yake uliokuwa umeegemezwa mlangoni, akaupeleka chumbani.

Marehemu ameacha kaka mdogo, Kitinda. Dada mdogo, anayeishi na Kitinda. Kaka mdogo mwingine, wajukuu wa dada yake, na Kocha, ambaye familia inamhesabu kuwa ndugu. Mungu amlaze Dada Pasi mahali pema, naye apumzike bila wasiwasi.