Mtu wa Moshi Mlangoni mwa Kanisa

Tulipotoka Njombe kwenye lori la abiria, mama aliyekaa mbele yangu alimwonyesha picha bwana asiyemjua, kwa kuwa bwana huyo alikuwa ametuchosha kwa majigambo ya kazi yake ya kupiga picha Iringa.

"Kaka, hii ni harusi yangu ya pili, kanisani Kifanya. Huyu mlangoni ni mume wangu wa kwanza. Alifia Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Habari nililetewa, kaburi sikuliona. Tazama, mlango unaonekana kupitia mwili wake."

Nami nilijivuta nyuma, ingawa picha haiumi.

Bwana yule akacheka. "Dada, hakuna mzimu hapa. Siku hiyo kulikuwa na ukungu?"

"Mzito."

"Basi mwanga ulikuwa hafifu, kamera ikaachwa wazi muda mrefu kidogo. Ninyi mliotulia mmetoka vizuri. Huyu alisimama kidogo tu, akaondoka kabla picha haijakamilika. Ndiyo maana ametoka kama moshi."

"Kwa hiyo ni mtu?"

"Mtu kabisa, ana nyama na damu." Alisema kwa furaha, kama daktari aliyeponya.

Mama akaificha picha kifuani. "Mchungaji ameniombea mwaka mzima mzimu usirudi," akanong'ona. "Mwenye nyama na damu ataombewaje?"



Lori liliposimama Makambako tulishuka wote isipokuwa yule mama. Alibaki ameketi, akichungulia uso wa kila mwanaume aliyesimama pale chini.