Anwani ya Ng'ombe Mwekundu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, miguu mitatu na tofali, limeegemea kibanda cha kinyozi mkabala na ofisi ya afya. Ukitaka kujua dunia inavyoendeshwa usihangaike kuingia ofisini. Vuka barabara, kaa pale, utaambiwa hata yale ambayo wakubwa wenyewe hawajaambiwa. Mchana ule, saa saba na nusu, kila mtu alikuwa mahali pake. Wembe, mwenye kibanda, taulo begani. Mhuri, karani mstaafu aliyegonga mihuri miaka thelathini mpaka kidole gumba kikapinda. Mama Birika na kahawa yake kwenye jiko la mkaa. Na katikati yao Gia Mbili, dereva wa gari la chanjo, aliyepewa jina hilo kwa kuwa tangu aajiriwe hakuna aliyemwona akitia gia ya tatu. Miguuni pake palikuwa na sanduku la barafu, ndani yake chanjo ya surua ya watoto hamsini.

— Toa mkono! alifoka Gia Mbili.

— Naingiza soda tu, kaka, alisema Wembe. Kachupa kamoja.

— Ukifunua, baridi inatoka. Barafu ni ya tangu jana, Sista kasema mwisho wake saa kumi. Ikipita hapo ni maji ya kumwaga.

— Sasa unamlindia nani? Si mmesema wafugaji wamehama?

Hapo Wembe alikuwa amegusa donda. Siku mbili nzima Gia Mbili na Sista, nesi wake, walikaa zahanati wakiwasubiri wafugaji, maana waraka ulisema huduma itolewe zahanati. Nyasi hazikusoma waraka. Ziliisha, na ng'ombe wakaondoka na wenyewe. Na surua ilikuwa imeshapiga hodi kwenye kambi ya jirani. Wiki iliyopita Sista alimbeba huko mtoto mmoja macho mekundu, kifua kinakoroma. Sanduku jingine lingekuja mwezi ujao. Sasa hivi Sista alikuwa ng'ambo, ofisini, akibishana na Mkubwa wa idara amruhusu kuwafuata, naye Gia Mbili ametumwa kuulizia mjini waliko wafugaji. Akaulizia kwenye benchi.

— Tatizo la wale ni anwani, alisema Mhuri. Fomu inataka mtaa na namba ya nyumba. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Maana yake, asiyetulia hachanjiki.

— Haina maana hiyo, alisema Mama Birika.

— Mama, mimi nimegonga mihuri miaka thelathini.

— Ulikuwa unasoma, au unagonga tu?

Mhuri akapuliza kahawa yake kana kwamba ni ya moto.

— Dawa ni ndogo, alisema. Tumpe anwani ng'ombe kiongozi. Unaandika: Mtaa wa Ng'ombe Mwekundu, nyumba ya pili baada ya pembe iliyovunjika.

— Na Ng'ombe Mwekundu akichinjwa? aliuliza Wembe.

— Mtaa umevunjwa. Wakazi watajulishwa kwa barua.

— Barua mtaipeleka wapi?

— Hilo ni la idara nyingine.

Wembe akatupa taulo bega la pili, dalili kwamba kubwa linakuja.

— Nyie wote mnamfuata mfugaji. Mwiteni ng'ombe! Kuta za zahanati zipakwe chumvi, nje, pande zote nne. Ng'ombe waje kulamba, mfugaji atakosaje kufuata? Akifika, mnadaka mtoto, sindano.

— Wakiilamba zahanati ikaisha? aliuliza Mhuri.

— Bandu bandu huisha gogo, mzee. Itakapoisha watoto wameshachanjwa wote.

Hata Mama Birika alicheka mpaka akaumwagia mkaa kahawa. Gia Mbili hakutaka kupitwa. Alikunja miguu juu ya sanduku kama mfalme.

— Mnahangaika bure. Mimi visima vya huko navijua vyote kumi na viwili, usiku na mchana. Dalili ya mvua ni mawingu, dalili ya ng'ombe ni mavi. Nasimamisha gari, nashuka, natia kidole. Ya moto, wamepita nusu saa iliyopita. Ya vuguvugu, asubuhi. Mwaka juzi nilifuata mavi siku tatu, nikamkuta ng'ombe anayenidai salamu!

Ukweli, ambao aliujua yeye na usukani wake tu, ni kwamba hajawahi kupita kisima cha pili.

Wakati wanapigana mabega kwa kicheko, mwanamke mrefu alikuwa ameketi kwenye jiwe karibu na jiko, mtoto mgongoni, kamba mpya ya ndoo begani. Mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka viwikoni. Aliomba kahawa, akanywa, akasikiliza.

— Mwanangu, mikono imekuwaje? aliuliza Mama Birika.

— Rangi hii, mama. Tumewapaka ng'ombe waliochomwa sindano, wasichanganyike na wengine. Bwana mifugo alikuja alfajiri, Kisima cha Mawe.

Mguu wa Gia Mbili ukateremka wenyewe kutoka kwenye sanduku.

— Aliwapataje?

— Jana aliuliza tutanywesha wapi. Tukamwambia.

Ndipo Sista alipovuka barabara, karatasi mkononi, midomo imebana.

— Mkubwa anataka sahihi yako, Gia Mbili. Kwamba tumewatafuta wafugaji, hawakupatikana.

Yule mwanamke akaitazama karatasi, akalitazama sanduku.

— Samahanini, kaka zangu. Ng'ombe wetu mia moja na arobaini wamechomwa leo. Watoto ndio waliokuwa wakiwashikia ndama. Mbona sindano ya mtoto haikuja pamoja na ya ndama?

Wembe alilikunja taulo vizuri sana, kama nguo ya msiba.

— Sahihi inatakiwa kabla ya saa kumi, alisema Sista polepole. Mkubwa hakusema mpaka hapo tungoje wapi. Kisima cha Mawe unakijua?

Macho yote kwa Gia Mbili. Ulimi ulishajiandaa kusema ndiyo. Akamwona yule mtoto mgongoni, amelala, mashavu mazima.

— Sikijui, Sista. Mwisho wangu kisima cha pili.

— Mimi nakijua, alisema mwanamke, amesimama tayari. Wananywa kwa zamu mpaka alasiri, ila ng'ombe wakishakunywa hawangoji. Tukimbie.

Gia Mbili alibeba sanduku kifuani kama mtoto mchanga, kikombe akakiacha kimejaa. Sista na yule mwanamke wakapanda, gari likaunguruma, likakohoa, likashika barabara ya visima. Kijiwe kizima kilisimama kutega masikio. Ya kwanza. Ya pili. Kisha mlio ambao mtaa ule haukuwahi kuusikia kutoka kwenye gari lile.

— Ile ya tatu! alisema Mhuri.

— Upepo ule, alisema Wembe.

— Ya tatu, alisema Mama Birika, akakinywa mwenyewe kikombe cha dereva. Haya, kahawa imekwisha. Jibuni swali la yule mwanamke.